Mwongozo kamili: vile unalegeza mgongo, shingo na miguu iliyokaza ukiwa kwa nyumba, bila kujiumiza

Nafanya kazi ya masaji hapa Nairobi na kila wiki lazima nipate mtu ananiambia "hiyo mambo ya kujilegeza misuli na mpira nilijaribu ikakataa". Nikimwambia anionyeshe vile alifanya, anachukua mpira anaupitisha mgongoni mbio mbio kama mtu anasugua sufuria iliyoungua, dakika moja imeisha, basi ameshaamua haisaidii. Mwingine anaulalia mpira kwa nguvu mpaka machozi yanatoka juu aliambiwa isipouma haifanyi kazi. Mwingine amejipaka mafuta ya mgando mgongo mzima alafu anashangaa mbona mpira unateleza.

Wote watatu wamekosea mahali pamoja. Hii kazi haitaki nguvu na haitaki haraka. Inataka uzito wa mwili wako na muda, na muda ndio watu hawataki kuutoa. Nimeziandika hatua zote hapa, zifuate vile zimepangwa, usiruke za kwanza ati ziko rahisi.

Wataalamu wanaiita mayofasho rilisi (myofascial release). Mimi nitasema tu kulegeza fashia, na nitaeleza fashia ni nini.

## Vitu vya kutafuta kwanza

- Mipira miwili ya tenisi, hata iliyotumika, bora isiwe imepasuka.
- Soksi moja ndefu yenye haina shimo. Hiyo ni ya kufunga ile mipira.
- Chupa ya plastiki ya nusu lita, imejazwa maji na kugandishwa. Kama hauko na friji, mwambie mwenye duka anayeuza soda baridi akuwekee usiku mmoja, wengi hawakatai.
- Rola ya foamu kama unaweza kununua. Kama huwezi, enda hadiwea ukatiwe paipu ya plastiki ya inchi 4, urefu futi 2, uizungushie blanketi ama taulo nene uifunge na kamba.
- Mkeka ama leso mbili za kutandika chini. Kitanda hakifai, godoro linameza mpira.
- Ukuta wazi, na simu ya kuweka taima.

Mafuta weka kando. Utaona sababu mbele.

Na tafadhali usianze na mpira wa gofu ama rungu ya mbao. Nimeona watu na alama nyeusi mgongoni wiki mbili. Vitu vigumu ni vya baadaye, na wengi hamtawahi kuvihitaji.

## Wenye hawafai kuanza leo

Hapa soma polepole hata kama una haraka.

Kama mguu mmoja umefura, una joto, na shavu la mguu linauma, usiuguse. Inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa, na ukiifinya donge linaweza kung'oka likapanda mpaka kwa mapafu. Hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin ama heparin, kama mifupa yako imeambiwa ni laini, kama ulivunjika ama kupasuliwa juzi juzi, kama uko na saratani, ongea na daktari wako kwanza. Mjamzito vile vile, uliza kliniki. Mwenye kisukari na miguu imekufa ganzi, ruka kabisa chupa ya barafu na kukanyaga mpira, juu utajiumiza na hautasikia.

Mgongo unauma na pia uko na homa, jasho la usiku, umekonda bila sababu? Usihangaike na mpira. TB inaweza kushika uti wa mgongo, na hapa kwetu hiyo si hadithi ya mbali. Enda upimwe.

Na hizi ni za dharura, hazingoji kesho: ganzi pale katikati ya mapaja penye ungekalia kiti cha baiskeli, kushindwa kukojoa ama mkojo na choo kutoka zenyewe, miguu kuisha nguvu ghafla. Kifua kubana na maumivu yanaenda kwa mkono ama taya ukitoka jasho, hiyo pia si fundo la bega.

## Fashia ni nini, na mbona inakaza

Kama umewahi kusimama Kenyatta Market ukingoja nyama yako iive, umeiona. Ni ule utando mweupe unaong'aa juu ya nyama, ule jamaa wa kisu anauvuta na unakataa kukatika. Mwilini mwako utando huo umefunga kila msuli, umeingia mpaka ndani ya msuli wenyewe, na umeungana kutoka unyayo hadi kichwani kama shati la ndani lisilo na mshono. Kati ya tabaka zake kuna maji ya kuteleza ndio misuli isikwaruzane ukisogea.

Sasa wewe umetoka Ruiru saa kumi na moja asubuhi, umekaa kwa matatu masaa mawili magoti yamegusa kiti cha mbele, umefika ofisini umekaa tena, jioni ni jam tena. Usiposogea, tabaka zile haziteleziani vizuri tena. Na fashia imejaa neva, kwa hivo ukiwa umechoka, hujalala, kodi inakusumbua, ubongo unasikia hapo kuna hatari na unaagiza misuli ikaze ilinde. Hivo ndio unajikuta mabega yako yako karibu na masikio na hujui yalipanda saa ngapi.

Watu wanasema ati unavunja mafundo, ama unavuta fashia kama unga wa chapati. Sivyo. Ule mkanda wa pembeni mwa paja kwa mfano ni mgumu kiasi kwamba mikono ya binadamu haiwezi kuurefusha. Kinachobadilika sana sana ni neva. Ukiweka uzito polepole alafu ukae hapo, neva zinatuma habari kwamba pako salama, ubongo unapunguza ile amri ya kukaza, na sehemu hiyo inaanza kusogea vizuri. Ukisugua haraka ama ukifinya kwa hasira, habari inayofika ni ya kushambuliwa, na msuli unakaza zaidi ya vile ulikuwa.

Hayo ndio maelezo ya hatua zote zinazofuata. Ukisahau mengine yote, shika hayo.

## Hatua ya 1: Jipime na uandike

Usianze bila kujua umeanzia wapi, juu ukimaliza utakuwa umesahau vile ulikuwa umekaza na utasema hakuna kitu kimebadilika.

Simama, inama mbele polepole magoti yamenyooka, angalia vidole vya mikono vinafika wapi: magotini, katikati ya muundi, ama chini. Geuza kichwa kulia alafu kushoto, uone kidevu kinafika karibu na bega kiasi gani. Inua mikono yote juu ukiwa umeegemea ukuta, uone kama inagusa ukuta bila kiuno kujipinda. Alafu patia maumivu yako namba, 0 ni hakuna, 10 ni huwezi kuvumilia.

Andika kwa karatasi na tarehe. Dakika mbili tu.

## Hatua ya 2: Pasha mwili na ujue pumzi

Tembea ndani ya nyumba dakika tatu ama nne, zungusha mabega, panda ngazi za gorofa kama ziko. Mwezi wa saba baridi ikiwa imeshika fanya zaidi, ama oga maji moto kwanza. Mwili baridi haukubali kuachilia.

Alafu lala chali, magoti yamekunjwa, mkono mmoja kwa tumbo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita. Fanya mara kumi. Pumzi ndefu ya kutoa ndio inatuliza mwili, na katika kila hatua ya mbele pumzi hii ndio kipimo chako. Ukiona umeanza kuzuia pumzi ama kuuma meno, umezidisha uzito. Punguza. Maumivu yakae kati ya 4 na 5, yasipite 6 kamwe, na uweze kuongea sentensi nzima bila kukunja uso.

Umefaulu ukiona tumbo linapanda kabla ya kifua, na mabega yamelala chini yenyewe.

## Hatua ya 3: Unyayo

Naanza na miguu hata kama kinachokuuma ni shingo. Ni rahisi, haina hatari kubwa, na inakufundisha kungoja.

Kaa kwa kiti, vua viatu. Weka mpira chini ya unyayo karibu na kisigino, wacha uzito wa mguu ushuke. Usibiringishe. Tafuta tu penye panauma kidogo kuliko pengine, kaa hapo dakika mbili na taima ikiwa imewashwa. Mwanzo hakuna kitu kitafanyika. Dakika ya kwanza ikiisha utasikia kama siagi inaanza kuyeyuka, mpira unazama kidogo bila wewe kuusukuma. Hapo sasa songa sentimita mbili mbele, ngoja tena. Sehemu tatu kwa kila mguu zinatosha.

Mwenye anaamka asubuhi na hatua ya kwanza kutoka kitandani inamchoma kisigino kama msumari, hiyo mara nyingi ni fashia ya unyayo yenyewe ndio imechokozwa, sana sana kwa walinzi, mawaiter, watu wa kusimama siku nzima na viatu vimelala. Wewe usikanyage mpira hapo penyewe kwa kisigino. Tumia ile chupa ya barafu, ibiringishe polepole dakika tano, na soksi nyembamba ikiwa mguuni ndio baridi isichome ngozi. Alafu nyoosha shavu la mguu: simama ukitazama ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kisiinuke, kaa sekunde 30, rudia mara tatu. Hiyo ya kisigino inachukua wiki nyingi, saa ingine miezi, usikate tamaa siku ya nne.

Umefaulu ukisimama na mguu uliofanywa unahisi mpana, umekanyaga sakafu yote, tofauti na ule mwingine. Inama tena kama Hatua ya 1. Wengi wanashangaa vidole vimeshuka kidogo, na mgongo haujaguswa bado.

## Hatua ya 4: Matako na nyonga, kwa ajili ya kiuno

Hapa ndio watu wengi wenye kiuno kinauma wanakosea, juu wanaweka mpira hapo hapo kiunoni. Usifanye hivo. Pale kiuno hakuna mbavu kamili za kushika uzito, uko juu ya mifupa ya uti wa mgongo na figo haziko mbali, na msuli wa kiuno ukisikia kitu kigumu unakaza kujilinda. Kiuno mara nyingi kinalia juu nyonga zimekaa siku nzima zimekunjwa. Fanyia nyonga kazi.

Kaa chini kwa mkeka, mikono nyuma inakushika, magoti yamekunjwa. Weka mpira chini ya tako la kulia, upande wa nje, si katikati ambapo kuna mfupa wa kukalia. Kama ni kali sana simama ufanyie kwa ukuta, hakuna aibu, mimi mwenyewe wateja wapya nawaanzishia kwa ukuta.

Tafuta fundo. Ukilipata utajua, litapiga kelele. Sasa kaa. Dakika mbili hadi tatu. Mara nyingi maumivu yanapanda kidogo sekunde za kwanza, alafu yanashuka yenyewe kutoka 5 hadi 3 bila wewe kufanya kitu. Hiyo kushuka ndio kuachilia kwenyewe, ndio kitu umekuwa ukitafuta, na mwenye anasukuma mpira huku na huku hawezi kuipata juu kila mara anaanza upya.

Maumivu yasiposhuka baada ya dakika moja na nusu, umezidisha uzito ama uko mahali si pake. Ukisikia shoti, ganzi ama sindano sindano zinashuka nyuma ya paja, toka hapo mara moja, umekalia neva. Songa nje kidogo kuelekea upande wa nyonga.

Maliza na paja la mbele. Lala kifudifudi, rola chini ya paja moja, katikati kati ya nyonga na goti. Usiende juu ya goti na usiende kwa kinena. Lala tu hapo dakika mbili, ukipumua, alafu kunja goti polepole na ulinyooshe, mara tano. Dereva wa matatu na watu wa boda, msiruke hii.

Umefaulu ukisimama na kiuno kinahisi kimerefuka, na ile hamu ya kujishika mgongo ukiinuka kwa kiti imepungua.

## Hatua ya 5: Kifua kabla ya mgongo

Mtu analia mgongo wa juu, katikati ya makombe ya mabega, na mimi naanza kumfanyia kifua. Wananishangaa. Lakini ukiwa na simu mkononi, ukiendesha gari, ukisuka nywele, ukifua, mikono yote iko mbele na kifua kinajifunga. Mgongo unavutwa siku nzima kama kamba. Msuli wenye unalia si lazima uwe ndio wenye makosa.

Simama ukitazama ukuta, mpira kati yako na ukuta, chini ya mtulinga karibu na bega, penye nyama. Usiende kwa kwapa, hapo kuna mishipa na neva nyingi, na usiende kwa shingo ya mbele hata siku moja. Egemea. Dakika mbili kila upande. Ukitulia, peleka mkono nyuma polepole kama mtu anatafuta waleti mfukoni, urudishe, mara sita.

Hii inaenda haraka, kwa wengi dakika nne zinatosha.

## Hatua ya 6: Mgongo wa juu

Geuka, mgongo kwa ukuta. Weka mpira ndani ya soksi na ushike soksi juu ya bega ndio mpira usianguke kila saa. Uweke kati ya kombe la bega na uti wa mgongo. Katikati kwenye mifupa yenyewe hapana.

Kunja magoti kidogo ama uyanyooshe ndio mpira uende juu ama chini, tafuta fundo, simama hapo, jikumbatie mikono miwili ndio kombe lifunguke. Dakika mbili, sehemu tatu kila upande. Wale wasusi wa kusimama tangu asubuhi hadi usiku mtapata hapo juu kabisa ya kombe, penye shingo inakutana na bega, kuna kitu kama mbegu ya embe. Kwa hiyo punguza uzito nusu na uongeze dakika moja. Ni pale wateja wangu wengi wanasema maumivu yanapanda mpaka pembeni mwa kichwa, na kweli fundo la bega linaweza kusikika kichwani.

## Hatua ya 7: Kisogo

Tia mipira miwili ndani ya soksi, ikaribiane, funga fundo kali. Lala chali, iweke chini ya kisogo, pale fuvu linaishia na shingo inaanza, mpira mmoja kila upande wa uti. Isishuke kwa shingo yenyewe. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, huo unatosha kabisa, usisukume.

Funga macho. Misuli midogo ya hapo inafanya kazi na macho, ukiangalia simu ukiwa umelala hivo unaikaza tena. Dakika tatu hadi tano. Alafu kubali kwa kichwa kidogo sana, kama unaambia mtoto ndio, mara kumi.

Ukipata kizunguzungu, kichefuchefu, kuona vibaya ama ganzi usoni, toa mipira, lala upande, na usirudie bila kuonana na daktari.

Umefaulu ukimeza mate na taya limelegea, na ukigeuza kichwa kidevu kinafika mbali kuliko vile uliandika.

## Hatua ya 8: Mikono ya mtu mwingine, kwa kiuno

Hii ndio kazi yenyewe vile inafanywa mezani, na mzee wako, bibi yako ama dadako anaweza kuifanya akielewa kwamba hafinyi.

Lala kifudifudi kwa mkeka, mto chini ya tumbo. Ngozi wazi, kavu, bila mafuta hata tone. Sababu ni hii: mafuta yanafanya mkono uteleze juu ya ngozi, na sisi tunataka mkono ushikane na ngozi ndio uivute pamoja na kilicho chini yake.

Mwenye anafanya apige magoti kando. Mkono mmoja uwekwe pale chini mgongo unaishia, juu tu ya matako, vidole vikielekea miguuni. Mkono wa pili uvuke wa kwanza uwekwe katikati ya mgongo, vidole vikielekea kichwani. Mikono imepishana hivo. Sasa aegemee taratibu, uzito wa kama kilo mbili za unga, si zaidi. Alafu mikono isukumane itengane polepole, bila kuteleza, mpaka afike mahali pamegoma. Unapajua: ni kama kuvuta droo imekwama. Hapo hapo asimame. Asilazimishe, asirudi nyuma. Angoje.

Dakika ya kwanza hakuna kitu. Nakumbuka mama mmoja anafua nguo za watu huko Umoja, nikiwa nimemwekea mikono hivo akaniambia "kijana wangu, si ufanye kitu, mkono umelala tu hapo". Nikamwambia "ngoja kidogo mama". Dakika ya tatu akanyamaza, akavuta pumzi moja ndefu, akasema kama anajiongelesha, "haya, imeachilia". Mikono yangu ilikuwa imesonga labda sentimita mbili, na si mimi niliisukuma.

Kaeni dakika tatu hadi tano. Mwenye anafanya atasikia joto, ama kitu kinatetemeka kidogo, ama mikono inatengana yenyewe. Ikisonga, afuate mpaka igome tena, angoje tena. Mwisho atoe mikono polepole kama anatoa mtoto aliyelala kifuani.

Ikiuma kwa ngozi kama inachunwa, mkono unateleza: kausheni jasho. Mwenye analaliwa akisema toka, toka. Hakuna ubishi.

## Hatua ya 9: Sogea kabla hujakaa tena

Nafuu uliyoipata sasa ni changa. Upana wa kusogea ulioongezeka unaweza kupotea baada ya dakika chache tu kama utarudi kwa kochi. Lazima uuonyeshe mwili vile ya kutumia ile nafasi.

Kwa hivo fanya hivi papo hapo: chuchumaa mara kumi ukishika meza, inua mikono juu ukutani mara kumi, zunguka kiuno kila upande, tembea dakika kumi hata kama ni kwa koridoo ya gorofa. Alafu rudia vipimo vya Hatua ya 1 na uandike namba mpya kando ya ile ya kwanza. Mimi naridhika namba ikishuka mbili. Ikifika sifuri siku ya kwanza, sawa, lakini usiingoje.

Kunywa maji ukisikia kiu. Hayo ya ati sumu zinatoka kwa misuli zinahitaji lita tatu, achana nayo.

## Mara ngapi

Wiki mbili za kwanza, siku moja ndio, siku moja hapana. Huna muda, chagua hatua mbili zenye zinakuhusu ufanye vizuri, kuliko zote tisa mbio. Baada ya hapo mara mbili ama tatu kwa wiki.

Kesho yake kuuma kidogo kama umelima ni kawaida, kunaisha ndani ya siku moja ama mbili. Alama za bluu si kawaida, ulizidisha.

## Ukikwama

"Sisikii kitu." Karibu kila mara ni haraka. Washa taima. Dakika mbili bila taima huwa ni sekunde 30.

"Nilipata nafuu, ikarudi jioni." Angalia umekaa vipi mchana. Inuka kila nusu saa hata dakika moja. Kwa matatu, sukuma makalio nyuma kabisa na ubadilishe mguu kila steji.

"Inauma zaidi kila nikifanya." Wacha siku nne. Rudi na nusu ya uzito, kwa ukuta si chini. Ikiendelea, si ya mpira.

"Nilianza kulia katikati." Inafanyika, sana sana kifuani na nyongani, mwili ukiachilia baada ya kushikilia kwa muda mrefu. Pumua, simama ukitaka, hakuna kitu kimeharibika.

## Wiki tatu zikiisha na hakuna mabadiliko

Tafuta fiziotherapisti. Kenyatta National Hospital iko na idara yao, na zahanati za kibinafsi ziko nyingi mtaani. Kenya fiziotherapisti anatakiwa awe amesajiliwa na Physiotherapy Council of Kenya, chini ya sheria ya 2014, kwa hivo uliza namba ya usajili bila kuona haya. Mwenye anaanza kukulaza na kukubonyeza kabla hajakuuliza maswali wala kukuangalia ukitembea, toka. Mwenye anakwambia lipa vikao 20 mbele siku ya kwanza, toka pia.

Beba ile karatasi ya vipimo, na umwonyeshe kwa kidole ni hatua gani ilisaidia na ni ipi iligoma.